Kidonge na Chungu: Yampasayo Kujua Mwenye Ugonjwa wa Tansio

Katika nyumba nyingi za mji wa Bunia, juu ya kabati au ndani ya kikapu cha mama, imo siku hizi bahasha ndogo ya vidonge. Ukiuliza ni vya nini, watoto watakujibu: "Ni vya tansio ya baba," au, "Ni vya nyanya, daktari alimkataza asiviache." Zamani watu walidhani ya kuwa ugonjwa wa shinikizo la damu, ambao sisi huku twauita tansio, ni ugonjwa wa matajiri tu, wale walao sana na kutembea kidogo. Leo twaukuta kwa mchuuzi wa soko, kwa dereva wa lori, kwa mwalimu, kwa mkulima, na hata katika mahema ya wale waliokimbia vita vya Djugu tangu mwisho wa mwaka 2017.

Dawa za ugonjwa huu zipo, nazo ni jambo la kushukuru. Lakini liko neno moja ambalo wagonjwa wengi hawakuambiwa, ama waliambiwa upesi upesi mlangoni pa farmasi wakalisahau njiani. Kidonge kikishuka tumboni hakiingii katika nyumba tupu. Humo hukutana na ugali na sombe, na chumvi, na pombe, na vidonge vingine vilivyomezwa kwa ajili ya mgongo, homa au kifua. Vingine hukaa nacho kwa amani. Vingine hukidhoofisha. Vingine hukitia nguvu kupita kiasi, hata dawa ikageuka kuwa madhara. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Basi leo twataka kuwaonyesha wasomaji wetu mafahali hao ni akina nani, tukichukua hasa dawa moja inayojulikana sana, yaani kaptoprili.

UGONJWA USIOPIGA HODI

Moyo husukuma damu katika mishipa kama pampu isukumavyo maji katika bomba. Nguvu hiyo ikizidi kipimo, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, mishipa hukakamaa na kuchakaa, na mwisho huziba au kupasuka. Mambo hayo yakitokea kichwani, mtu hupooza upande mmoja au hupotewa na usemi. Moyo nao huchoka, mafigo huharibika, macho hufifia. Apimapo mkono, mwuguzi hutaja hesabu mbili: ya kwanza ni ya wakati moyo unapojikaza, ya pili ni ya wakati unapolegea. Zikifika 140 kwa 90, au kama wengi wetu tusemavyo, 14 kwa 9, tena zikaonekana hivyo kwa siku mbalimbali, ndipo husemwa kwamba mtu anao ugonjwa.

Ubaya wa tansio ni kwamba haipigi hodi. Mwenye malaria hutetemeka, mwenye kidonda huumwa, lakini mwenye tansio aweza kwenda shambani, kucheka na kula vizuri huku mishipa yake ikiliwa polepole. Na hapa ndipo penye shina la makala yetu. Ikiwa ugonjwa hausikiki, basi hata dawa ikishindwa kazi yake haitasikika. Mtu humeza kidonge kila siku, akajiona mtiifu, kumbe kitu kingine alichokula au kumeza kimekwisha kukifunga mikono kile kidonge. Hana maumivu ya kumwonya. Kitakachomwonya ni mashine ya kupimia na maarifa yake mwenyewe.

DAWA ILIYOTOKANA NA NYOKA

Asili ya kaptoprili yastaajabisha. Katika nchi ya Brazili yuko nyoka mkali aitwaye jararaka. Mtu akiumwa na nyoka huyo, shinikizo la damu yake laweza kuanguka ghafula. Mwaka 1965 mtaalamu Mbrazili, Sérgio Ferreira, aliandika kwamba ndani ya sumu ile mna kitu kinachokitia nguvu kitu kingine cha mwilini ambacho kazi yake ni kulegeza mishipa. Baadaye alikwenda na maarifa hayo London, katika maabara ya John Vane. Kazi ikaendelezwa Marekani, na mwaka 1975 Miguel Ondetti na David Cushman, wataalamu wa kampuni ya Squibb, wakaiunda kaptoprili. Mwaka 1981 serikali ya Marekani ikaruhusu itumike. Mtu asiogope: katika kidonge hakuna sumu ya nyoka hata chembe. Mafundi wa kemia waliufuata mfano wa sumu tu, kama fundi afuatavyo mfano wa ufunguo.

Hufanyaje kazi? Mafigo yetu yakidhani damu imepungukiwa nguvu, huanzisha shughuli ambayo mwisho wake ni kuzaliwa kwa kitu kiitwacho anjiotensini. Kitu hiki hukaza mishipa; tena huuamuru mwili ushike chumvi na maji, na kuitupa potasiamu katika mkojo. Kaptoprili humzuia fundi anayekitengeneza. Basi mishipa hulegea, chumvi na maji hutoka, na potasiamu hubaki. Msomaji ayashike maneno haya matatu, mishipa, chumvi na potasiamu, maana karibu yote tutakayosema yatoka humo.

"SIJALA, BASI SITAKUNYWA DAWA"

Tuanze na jambo la kila siku. Tuseme yuko mama mmoja wa mtaa wa Mudzipela. Binti yake amwuliza:

"Mama, umekwisha kunywa dawa yako?"

"Sijala bado, mwanangu. Dawa haimezwi na njaa."

Saa nane yafika, chakula hakijapatikana. Jioni wanakula, mama amechoka, asahau. Siku imepita bila dawa. Na kesho huenda ikawa vivyo hivyo, kwa sababu wako wengi kwetu ambao chungu hupanda motoni mara moja tu kwa siku.

Neno la mama huyu si la upumbavu. Ziko dawa, hasa zile za maumivu, ambazo huchoma tumbo likiwa tupu, na wauguzi hufundisha zimezwe pamoja na chakula. Kosa ni kuichukua sheria ya dawa moja na kuivika dawa zote. Kwa kaptoprili sheria ni kinyume. Chakula kikiwamo tumboni, mwili hupokea dawa hiyo pungufu, yapata theluthi moja au zaidi ya kiasi chake hupotea njiani. Ndiyo maana huagizwa imezwe saa moja kabla ya kula, kwa maji safi. Basi asiyekula bado asijizuie: huo ndio wakati wake! Na aliyekwisha kula naye asiseme kwamba leo ameikosa. Na angoje saa mbili, kisha ameze. Akijua kwamba akingoja atasahau, ni afadhali ameze pamoja na chakula kuliko kuiacha kabisa.

Zipo pia dawa za kiungulia, zile nyeupe za kutafuna au za maji. Nazo hupunguza kaptoprili iingiayo mwilini. Anayezihitaji aachanishe dawa hizo mbili kwa saa mbili.

CHUMVI TATU ZA JIKONI

Sasa tuingie jikoni. Akina mama wajua kwamba neno "chumvi" lina maana zaidi ya moja. Sisi twahesabu chumvi tatu, na kila moja ina kisa chake na kaptoprili.

Ya kwanza ni chumvi ya kawaida ya dukani. Ndani yake mna sodiamu, ambayo huvuta maji na kuyashika katika damu. Kaptoprili hufanya kazi ya kuitoa. Mtu anayeiongeza kila siku ni kama mwenye kuteka maji katika mtumbwi unaovuja bila kuziba tundu. Anayekula chumvi nyingi huidhoofisha dawa yake waziwazi. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri kwamba mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Katika kijiko hicho imehesabiwa chumvi yote: ya mchuzi, ya mkate, ya vile vipande vya kukolezea mchuzi vinavyouzwa kila kibanda, na ya samaki. Twajua jinsi samaki wa Ziwa Albert, waliokaushwa au kutiwa chumvi, wanavyopanda kutoka Kasenyi na Tchomia mpaka masokoni mwetu. Tena yako makayabu. Hatusemi watu wasile samaki. Twasema wawaloweke katika maji mengi usiku kucha, wamwage maji hayo, waloweke tena, kisha wapike bila kuongeza chumvi wala kipande cha kukoleza. Ulimi utanung'unika kwa majuma machache, halafu utazoea.

Ya pili ni magadi. Wapishi huyatia katika maharagwe ili yaive upesi na kuni zisiishe. Magadi nayo ni sodiamu, hata kama hayana ladha ya chumvi ya mezani. Mtu aweza kusema kwa moyo mweupe, "Mimi nimekwisha kuacha chumvi," kumbe maharagwe yake yamejaa sodiamu. Dawa ya jambo hili ni rahisi: maharagwe yalowekwe tangu jioni, yapikwe asubuhi, yataiva mapema pasipo magadi.

Ya tatu ni chumvi ya majivu. Wazee wa nchi zetu za Kongo, kabla chumvi ya dukani haijaenea, walichoma nyasi na mimea ya majini, wakachuja maji katika majivu yake, wakayachemsha mpaka chumvi ikabaki chunguni. Hata leo wapo wanaopikia mboga maji ya majivu ili zilainike. Chumvi hii si sawa na ile ya dukani: iliyo nyingi ndani yake ni potasiamu. Watu wengine, waliposikia kwamba chumvi ya dukani ni mbaya kwa tansio, waliigeukia hii wakidhani ya kuwa wamepata mbadala usio na hatari. Katika nchi nyingine zinauzwa chumvi za namna hiyo hiyo katika mikebe, zikiitwa chumvi za wagonjwa wa moyo.

Hapa ndipo tuangalie sana. Tumesema kwamba kaptoprili huifanya potasiamu ibaki mwilini. Mtu mwenye mafigo mazima akila vyakula vyenye potasiamu, kama ndizi, maharagwe, viazi vitamu, parachichi na sombe, hapati shida. Tena vyakula hivyo ni vizuri kwa mwenye tansio. Mtu asiache ndizi zake kwa sababu ya makala hii. Lakini mwenye mafigo dhaifu anayemeza kaptoprili, akiongeza chumvi ya majivu au vidonge vya potasiamu, potasiamu yaweza kurundikana katika damu. Miguu hulegea, mapigo ya moyo huvurugika, na moyo waweza kusimama ghafula. Kwa mtu wa namna hiyo daktari atasema wazi vyakula gani vipunguzwe, na mboga za majani zichemshwe katika maji mengi ambayo yatamwagwa.

Iko na dawa moja inayojulikana kila nyumba ambayo yaweza kuleta hatari hiyo hiyo, nayo ni kotrimoksazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Bactrim. Nayo huizuia potasiamu isitoke. Kuipata kwa agizo la daktari ajuaye kwamba unameza kaptoprili ni jambo moja. Kuinunua mwenyewe kwa sababu ya kuhara au kikohozi ni jambo jingine kabisa, hasa kwa wazee.

VIDONGE VYA MGONGO

Twafika sasa kwenye fahali mkubwa kuliko wote. Mkulima arudiye kutoka shambani ana mgongo unaouma. Dereva wa njia ya Mahagi ana magoti yanayouma. Mama aliyebeba mzigo wa kuni ana shingo inayouma. Wote huenda kibandani na kununua ibuprofeni au diklofenaki, wakati mwingine bila kujua jina. Huomba tu "kile chekundu" au "kile cha maumivu".

Tulimtaja John Vane wa London. Mtu huyu ambaye katika maabara yake sumu ya jararaka ilichunguzwa, ndiye pia aliyeeleza mwaka 1971 jinsi aspirini na jamaa zake zinavyotuliza maumivu: huuzuia mwili usitengeneze vitu viitwavyo prostaglandini. Kwa kazi yake juu ya vitu hivyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982, pamoja na wenzake wawili wa Sweden. Basi mtu mmoja alisaidia kutufungulia milango miwili ya uganga, na leo dawa zilizopita katika milango hiyo hukutana zikapigana ndani ya mafigo ya mkulima.

Hupiganaje? Kila figo lina vichujio vidogo mno, yapata milioni moja. Kila kichujio kina mlango wa kuingilia damu na mlango wa kutokea. Prostaglandini huuweka wazi mlango wa kuingilia. Anjiotensini huubana ule wa kutokea, ili damu ikamuliwe na uchafu uchujike. Kaptoprili huulegeza mlango wa kutokea, na peke yake haina neno kwa watu wengi. Lakini ukimeza ibuprofeni au diklofenaki, mlango wa kuingilia nao hubanwa. Damu huingia kidogo, hutoka upesi, na kichujio hubaki bila nguvu ya kuchuja. Ikiwa mgonjwa anameza pia dawa ya kukojoza, maji yenyewe yamepungua. Mambo haya matatu yakikutana kwa mtu mmoja, hasa mzee au mtu aliyepungukiwa maji, mafigo yaweza kuzimika katika muda wa siku chache. Hata yasipozimika, dawa hizo za maumivu hushikilia chumvi na maji mwilini, na tansio hupanda tena.

Basi mwenye tansio aumwapo na mgongo afanyeje? Kwa watu wengi parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa na bila kuzidisha, ni salama zaidi. Maji ya moto kwa kitambaa na mapumziko pia husaidia. Na yule ambaye daktari alimwandikia aspirini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo, asiiache kwa shauri lake mwenyewe. Hiyo ina hesabu yake.

Twaongeza neno juu ya kikohozi. Kaptoprili yenyewe huwaletea watu wengine kikohozi kikavu kisichoisha. Mgonjwa asiyejua hununua dawa za mafua. Nyingi za dawa hizo zina vitu vya kukausha pua ambavyo hukaza mishipa na kupandisha tansio. Hivyo dawa ya kwanza yaleta kikohozi, dawa ya kikohozi yaiharibu kazi ya dawa ya kwanza! Afadhali kurudi kwa daktari: atakupima kifua, na akiona ni kaptoprili, atakupa nyingine isiyo na kikohozi.

WENZI WA KAPTOPRILI

Imeonekana kwamba kwa watu wengi wenye asili ya Afrika kaptoprili ikitumika peke yake hupunguza tansio kidogo tu. Kwa hiyo madaktari huiongezea mwenzi, ama dawa ya kukojoza kama hidroklorotiazidi, ama amlodipini ambayo hulegeza mishipa kwa njia nyingine. Na mara nyingi huanza na hizo. Nao wenzi hao wana adui zao.

Liko tunda moja kubwa kuliko chungwa, lenye uchungu kidogo, ambalo ni balungi. Wengine kwetu huliita pamplemusi. Mwaka 1991 David Bailey na wenzake, wa mji wa London ulioko Kanada, waliandika kwamba maji ya tunda hili huongeza sana kiasi cha dawa fulani za tansio katika damu. Waliligundua jambo hilo kwa bahati: katika jaribio la awali waliyatumia maji ya balungi ili kuficha ladha ya pombe. Balungi hukifunga kimeng'enya cha utumboni ambacho huivunja dawa kabla haijaingia mwilini. Felodipini huongezeka mno, nifedipini kiasi, amlodipini kidogo. Kaptoprili haiguswi. Machungwa ya kawaida nayo hayana neno. Na kwa sababu kazi ya balungi hudumu kwa siku nzima na zaidi, haifai kitu kulila asubuhi na kumeza dawa jioni. Anayemeza felodipini au nifedipini na aliache.

Upande wa pili iko rifampisini, dawa kubwa ya kifua kikuu. Hii huliamsha ini, likaivunja amlodipini au nifedipini kwa haraka mno, na tansio hupanda ingawa mgonjwa hakukosa hata kidonge kimoja. Dawa ya kifua kikuu isiachwe kamwe. Linalotakiwa ni daktari ajue, apime mara kwa mara na kubadili dawa ya tansio.

Pombe yataka neno lake. Glasi ya kaikpo juu ya dawa za tansio yaweza kumwangusha mtu asimamapo, maana mishipa imelegezwa mara mbili. Lakini anywaye kwa wingi siku zote tansio yake hupanda. Ulevi humpiga mtu kwa mikono yote miwili. Nayo chai ya maua mekundu ya rosela, pamoja na dawa nyingine za miti-shamba, yaweza kushusha tansio kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo isifichwe, maana hujiongeza juu ya kidonge.

MAMBO YASIYONGOJA KESHO

Yako mambo matatu ambayo mtu asiyachezee.

La kwanza, mwanamke anayemeza kaptoprili akijiona ana mimba, au akitaka kuipata, aende mapema kwa daktari au mkunga. Dawa hii humdhuru mtoto tumboni, hasa mafigo yake. Zipo nyingine zifaazo kwa wajawazito, kama methildopa. Asiache tu na kukaa kimya, kwa kuwa tansio isiyotibiwa nayo humwua mama na mtoto.

La pili ni kuhara sana au kutapika. Maji yakipungua mwilini, kaptoprili na dawa ya kukojoza huweza kuyaumiza mafigo. Mgonjwa aanze kunywa maji ya kurudisha nguvu, yale ya chumvi na sukari yatolewayo vituoni, aende upesi kwenye kituo cha afya na kutaja dawa zake zote. Daktari ndiye atakayesema kama zisimamishwe kwa siku hizo na lini zirudiwe.

La tatu ni kuvimba kwa midomo, ulimi au koo baada ya kumeza kaptoprili, hata kama umeimeza kwa miezi mingi. Jambo hili ni nadra, lakini hutokea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Pumzi yaweza kuzibwa. Mtu akimbizwe hospitali saa ile ile, wala asimeze kidonge kingine.

MKOBA MEZANI

Baada ya kusoma hayo yote, pengine mtu atasema: "Kumbe dawa hizi ni hatari! Naziacha." Hilo lingekuwa kosa kubwa kuliko yote tuliyoyataja. Walioharibiwa na tansio isiyotibiwa ni wengi kupita walioharibiwa na kaptoprili. Dawa ni kama moto wa jikoni: haukatazwi, hulindwa.

Kulinda kwenyewe si kazi ya wasomi. Siku ya kwenda kupimwa, chukua mkoba, tia ndani yake kila kitu unachomeza: vidonge vya tansio, vya mgongo, vya mafua, vya kunenepa, mizizi ya mganga wa miti-shamba, hata ile chumvi ya majivu. Viweke mezani mbele ya mwuguzi. Mwambie wapika nini, wala mara ngapi, wanywa nini. Usione haya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha dawa vilevile. Jina la dawa yako liandikwe katika karatasi, ikae pamoja na kitambulisho, ili ukifika mgonjwa mahali pasipojulikana, karatasi iseme badala yako. Nunua dawa mahali pamoja kadiri iwezekanavyo, na kabla ya kupokea kidonge chochote kipya useme maneno haya machache: "Mimi nameza kaptoprili. Je, hiki kitapatana nayo?"

Nanyi watoto wa wazee hao, mliosoma shule, kazi hii ni yenu pia. Nyanya hawezi kuyasoma maandishi madogo ya kikaratasi cha Kifaransa kilichomo ndani ya pakiti. Msomeeni, mfasirieni, mkumbusheni saa yake. Na ninyi wauguzi na wenye farmasi, twajua foleni ni ndefu na siku ni fupi, lakini swali moja tu, "Ni nini kingine unachomeza?", halichukui hata dakika moja, nalo laweza kuyaokoa mafigo ya baba wa nyumba na kumwondolea mama aibu ya kulishwa na wanawe kwa kijiko.

Chungu na kidonge vyakaa nyumba moja. Anayejua kinachoingia katika kimojawapo na amwambie anayekitunza kingine.